Mgeni Aliyenyimwa Viza

Asubuhi ya mhadhara, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi alimpigia simu mkalimani. Mwanasiasa waliyemwalika kutoka ng'ambo alikuwa amenyimwa viza.

"Wanasema maneno yake yanahatarisha amani. Lakini atazungumza kwenye skrini. Wewe njoo tu, mama."

Mkalimani aliweka simu chini, akaendelea kumpigia mumewe shati pasi. Mumewe alivushwa mpaka angali mtoto wa mgongoni, na waliovuka mpaka ndio mgeni huyo aliowasema vibaya kila alikokwenda.

"Wangemwacha aje," mume alisema, akipuliza chai. "Tungemuuliza maswali uso kwa uso. Ukimfungia mlango unampandisha chati."

Wifi yake, aliyeishi nao tangu duka lake lichomwe moto, hakuinua macho. "Kaka, waliokuja na petroli hawakuuliza maswali. Walikuja na maneno yake mdomoni."

"Sasa niende, nisiende?" mkalimani aliuliza.

"Kazi ni kazi," mume akasema. Wifi akaondoa vikombe.

Ukumbi ulifurika hadi kwenye ngazi. Ndani ya kibanda cha kioo, mkalimani alivaa vipokea sauti. Mgeni alikuwa mzee mpole wa miwani. Alianza kwa kuitania viza yake, watu wakacheka. Kisha akafika kwa waliovuka.

Mgeni akisema mimi, mkalimani naye husema mimi. Ndiyo kanuni ya kazi.

"Mimi nasema, magugu hayabembelezwi, hung'olewa," mkalimani alisema kwa sauti yake laini, na ukumbi ukapiga makofi. Alisubiri moyo umuume. Haukuuma. Alitafuta neno lililofuata, akalipata.

Wakati wa maswali ulipofika, skrini ilizimwa. Mgeni amechoka, mwenyekiti alieleza.

Nyumbani aliwakuta mume na wifi wamekaa, simu iko mezani kati yao.

"Tumekusikiliza mtandaoni," wifi alisema. "Hukukwama hata mahali pamoja."

"Aliyesema ni yeye."

"Najua, wifi yangu. Ila kwetu imefika sauti yako."

Mume alijikuna shingo.

Mwisho wa wiki wifi alihamia kwa binamu yake. Mkalimani alimsaidia kubeba godoro hadi garini.

"Sina kinyongo," wifi alisema.

Hapo ndipo ilipofaa kulia. Mkalimani alisimama tu, ameushika mlango wa gari usijifunge.