Mshale wa Umeme Safi

Mpima ardhi alipostaafu, wenzake walidhani atanunua kiti cha kupumzikia. Yeye akanunua sinema. Alileta nyumbani televisheni pana kama mlango, amplifaya, spika tano na besi moja kubwa kama kabati la viatu, akavipanga sebuleni kwa futi kamba mpaka kila spika ikawa umbali sawa na mwenzake kutoka kwenye kochi. Mkewe, mshonaji aliyefanyia kazi kwenye kibaraza, aliinua macho kwenye cherehani yake ya umeme, akauliza tu, "Na sisi tutakaa wapi?"

Muuzaji wa vyombo hivyo alikuwa amempa pia ushauri.

"Mzee, vyombo vizuri namna hii huwezi kuvilisha umeme mchafu."

"Umeme nao huchafuka?"

"Unapita kwa watu wangapi kabla haujafika kwako? Kuna anayechomelea, kuna anayesaga, kuna anayekausha nywele. Wote wanauchezea kwanza. Wewe unapata makombo."

Mpima alikuwa ameishi miaka thelathini na minne ya kazi bila kumwamini mtu asiye na kipimo. Bahati mbaya muuzaji alikuwa nacho: boksi jeusi la chuma, zito kama mfuko wa saruji, lenye kioo mbele na mshale mwekundu nyuma ya kioo. Liliitwa kisafisha umeme. Mshale ukitulia, umeme ni safi. Ukicheza, uchafu unapita. Mpima alipouona ule mshale, alilegea kabisa. Kila mtu na ugonjwa wake.

Jioni ya kwanza mshale ulicheza. Akatafuta daftari. Baada ya siku tatu alikuwa amejaza kurasa sita. Cherehani ikikimbia, mshale unacheza. Friji ikishtuka kuwaka, unacheza. Kwa jirani, fundi mageti akiwa kazini, unaruka. Lakini hakuna kilichourusha kama birika la umeme la mama mkwe. Kila mama alipokwenda jikoni kuliwasha, mshale uligonga ukuta wa boksi, tik, tik, tik.

Hapo ndipo penye mfupa. Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili kutibiwa goti, na huu ulikuwa mwezi wa tano. Kila alasiri alilikanda goti kwa maji moto. Mtu anaweza kumwomba mkewe aache kushona. Anaweza kuzima friji yake mwenyewe. Lakini mdomo wa kumwambia mama mkwe kwamba anachafua umeme ataupata wapi?

"Mwambie wewe," alimnong'oneza mkewe.

"Nimwambie mama yangu mzazi kwamba ni mchafu?"

"Si yeye. Birika lake."

"Birika halijiwashi, baba."

Mwishowe Mpima alisimama sebuleni, akauambia ukuta kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Siku hizi umeme unachoka sana. Ukipumzishwa kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, unapata nguvu."

"Kama goti langu tu," mama mkwe akajibu kutoka jikoni. "Basi tuupumzishe, mwanangu." Akaja, akaketi katikati ya kochi, pale pale Mpima alipopima kwamba sauti za spika zote tano zinakutana, akaweka goti juu ya mto. Mpima akahamia kwenye mkono wa kochi.

Friji ikazimwa, cherehani ikafunikwa, mshale bado uliruka. Mpima akavaa viatu, akaenda kwa fundi mageti.

"Niache kuchomelea saa mbili nzima kila siku ili wewe usikilize sinema?" fundi aliuliza.

"Ili umeme uwe safi."

"Na mimi muda huo nitakuwa nafanya nini?"

Swali hilo Mpima hakuwa amejiandaa nalo. "Karibu uangalie," akasema.

Kwa Mama Saluni alijibu hivyo hivyo, na kwa mwenye mashine ya kusaga pia. Nao walikuja. Wateja wao wakawafuata. Alikuja mwanamke mwenye rola upande mmoja wa kichwa, upande wa pili umechanwa wima. Akaja bwana mmoja aliyekuwa akingojea geti lake tangu mwezi uliopita, akasema safari hii hambandui fundi machoni. Ilipofika Ijumaa mtaa ulikuwa kimya kama darasa lililochongewa kwa mwalimu. Watu wakishakaa, mshale ulitulia tuli kama umechorwa. Mpima alikuwa na umeme safi kuliko mtu yeyote, na hakusikia hata neno moja la sinema, kwa sababu sebuleni mlikuwa na watu ishirini na watatu wakiulizana muuaji ni nani.

"Umeme ukiwa safi," fundi mageti aliwaambia wenzake, "hata mtu akizabwa kofi unasikia kwamba limetoka moyoni."

Jumatano iliyofuata, yapata saa kumi na moja, umeme ulikatika. Mara ukarudi kwa hasira. Nyumba ya nyuma kukasikika mlio, kisha mwanamke akipiga kelele kwamba feni inatoa moto. Sebuleni boksi jeusi lilisema tap! Uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka nyuma yake na skrini ikabaki nyeusi. Mama Saluni akaweka mikono kichwani. "Na alikuwa anakaribia kumtaja muuaji!"

Akaitwa shemeji, mdogo wake mke wa Mpima, fundi umeme. Siku ya pili asubuhi alilifungua boksi. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya zege vilivyofungwa kwa kitambaa. Kwenye kona, kikadi kidogo chenye vidonge vitatu vya buluu, kimoja kimepasuka.

"Shemeji," alisema, "huu mshale haukuungwa na waya wowote. Umening'inia kwenye springi. Unapima mtikisiko wa sakafu."

"Na birika je?"

Shemeji alitazama dari. "Birika halina kosa."

Wakati huohuo mama mkwe aliinuka kuja kuona wanaongea nini. Hatua ya kwanza, mshale ukaruka. Hatua ya pili, ukaruka. Alipofika mezani ulikuwa unagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Wanaume wawili walikohoa kwa pamoja. Adabu ni adabu.

"Kwa hiyo nimetapeliwa," Mpima alinong'ona mama alipotoka.

"Nusu. Hiki kidonge kilichopasuka ni cha kweli. Kimeumeza ule umeme kabla haujafika kwenye vyombo vyako." Shemeji akachomeka televisheni ukutani, ikawaka. "Kikinga kama hiki kina maana, na kikishapigwa hivi unakibadilisha. Habari ya kuusafisha umeme ili sauti iwe tamu, achana nayo. Amplifaya ina sehemu yake ndani inayoshughulikia hayo. Nunua ekstensheni yenye kikinga. Ila kuna jambo jingine, twende nje."

Nje, chini ya mita, alimwonyesha waya wa ardhi. Ulishuka ukutani vizuri, ukaishia hewani.

Mpima alichuchumaa. Miaka thelathini na minne ya kupima ardhi za watu. Akatoa futi kamba. Sentimita arobaini na moja kutoka ncha ya waya hadi ardhini. Akapima tena, akitumaini itapungua.

Waya uliunganishwa, ekstensheni ikanunuliwa, boksi likawekwa stoo. Saa kumi watu walipofika, Mpima alisimama mlangoni. "Ndugu zangu, kuanzia leo fanyeni kazi zenu. Umeme hauna uchafu wowote."

"Unataka turudi kule tulikotoka?" fundi mageti aliuliza.

"Mshale ulikuwa unapima miguu tu."

"Miguu ya nani?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, hatua mbili nyuma yake. Mpima naye akatazama dari. "Ya... watu. Kwa jumla."

"Basi watu wakanyage taratibu," mama mkwe akasema. "Jambo dogo hilo."

Wakavua viatu, wakaingia kwa ncha za vidole. Sinema ilipoanza, mwenye mashine ya kusaga alikunja uso, akasema sauti ina vumbi. Mama Saluni naye akalisikia. Mwanamke wa rola akasema linamkereketa kooni. Baada ya robo saa Mpima alikwenda stoo, akalibeba boksi huku akihema, akaliweka mahali pake bila kulichomeka popote. Sebule nzima ilishusha pumzi.

"Eeh," alisema fundi mageti. "Sasa."

Mkewe aliona plagi iko sakafuni. Akaidondoshea kipande cha kitambaa, akarudi kukaa.

Ijumaa walikuja wawili kutoka nyumba ya nyuma, wale waliounguliwa na feni, wakauliza kwa heshima kama nao wanaweza kuingizwa kwenye usafi. Mpima alifungua mdomo awaeleze habari ya vidonge, kikinga na waya wa ardhi. Akasikia "Shhh!" ya watu thelathini.

"Karibuni," akawaambia kwa kunong'ona. "Kanyageni polepole."