Kikombe cha Feni

Mwonyeshe fundi kazi ya fundi mwenzake, na hata kabla hajafungua mkoba wake atakuuliza: "Nani aliyekufungia hii?" Atauliza huku anatikisa kichwa, kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. Awe fundi bomba, awe seremala, awe wa kushona viatu, wote ni hao hao. Nyani haoni kundule. Kibiriti alilijua hilo vizuri, na Jumamosi ile ndilo lililokuwa tumaini lake la mwisho katika nyumba ya wakwe zake.

Jina la Kibiriti alipewa na mama mkwe, mwezi wa kwanza wa ndoa, kwa kosa la kujibu alipotukanwa. Sasa alikuwa na miaka sita humo ndani. Mitano ya kwanza ilipita kwa chokochoko za kawaida tu: chumvi imezidi, nguo zimeanikwa vibaya, mbona unacheka peke yako. Kisha, miezi minane iliyopita, feni ya sebuleni ikaanguka.

Ilimwangukia baba mkwe akiwa kitini mwake, anakata kucha. Bega likavunjika, na mpaka leo mkono wake wa kulia haupandi zaidi ya kifua. Asubuhi ya siku hiyo hiyo Kibiriti alikuwa amepanda stuli kufuta mapanga ya feni kwa kitambaa chenye maji, panga moja moja, kama alivyofanya kila mwezi. Mama mkwe hakuhitaji ushahidi mwingine. "Aliining'inia kama popo," akawaambia majirani, akawaambia ndugu, akamwambia hata daktari ambaye hakuwa amemuuliza. Tangu hapo Kibiriti alikatazwa kumpelekea mzee hata maji ya kunywa, asije akammalizia.

Na mumewe je? Mumewe alikuwa mtu wa "tutaongea". Tutaongea ikifika jioni, tutaongea mama akitulia, na mama hakutulia. Wiki ile mama akaamua kwamba Jumapili Kibiriti arudi kwao. Sanduku lake lilikwisha wekwa mlangoni, na aliyelibeba hadi pale ni mumewe mwenyewe, kwa kuwa aliambiwa alibebe.

Kibiriti hakutaka kwenda. Alimpenda mzee kama baba aliyemzaa, na zaidi ya hapo, hakutaka kutoka mlango ule na jina la mwanamke aliyemvunja mkwe wake bega. Jina kama hilo halikuachi, hata uhame mara kumi.

Alichokuwa nacho ni kikombe. Kila feni ya dari ina kikombe cha bati huko juu kabisa, kinachoficha mahali inaponing'inia kwenye ndoano. Siku ya ajali, wenzake walipomkimbiza mzee hospitali, yeye alibaki anafagia, akakiokota chini ya meza, na ndani yake akakuta jina na namba ya simu kwa wino mzito. Mafundi wengi wana tabia hiyo ya kuandika namba kwenye kazi yao, ili ikiharibika waitwe wao na si mwingine. Mama mkwe siku zote alisema feni ile ilifungwa na fundi mmoja wa njiani, kabla Kibiriti hajaolewa, na kwamba mtu huyo alishahama mji. Kumbe hakuhama. Namba ilikuwa inaita.

Angeweza kumpigia wiki ile ile amlete mbele ya watu, lakini mjinga ndiye angefanya hivyo. Mwulize fundi kama alikosea, atakula yamini kwamba kazi yake ilikuwa imara na mwanamke aliivuta. Basi alikifunga kikombe kwenye kitambaa, akakificha chini ya godoro, akasubiri. Mzee alipozidi kulalamika joto na mama mkwe akakubali feni irudishwe, Kibiriti akajitolea kutafuta fundi.

"Iwe kazi yangu ya mwisho humu," alisema.

Mama mkwe aliona ni jambo jema sana.

Fundi alifika saa nne, ngazi begani, kitambi mbele, ndevu zimeanza kuingia mvi. Alitazama kuta kama mtu aliyeingia humo kwa mara ya kwanza, na kwa kweli rangi ilikuwa mpya na makochi yamegeuzwa. Mama mkwe alimtazama mara mbili. Kisha akaanza kukunja upya nguo zilizokwisha kunjwa.

"Dakika mbili tu," fundi alisema, akaenda kuzima umeme.

Feni ilikuwa sakafuni juu ya magazeti, mapanga mawili mapya na moja la zamani. Mzee alikuwa kitini, amesogezwa hadi dirishani. Mume alisimama mlangoni karibu na sanduku, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa mbali zaidi na kila mtu. Fundi alipiga goti, akalipima bomba la feni kwa macho, na Kibiriti akampa boliti aliyoiokota siku ile pamoja na kikombe.

"Na hii ilikuwa nayo," alisema.

Fundi aliigeuza boliti kwenye mwanga. Kichwa kikaanza kutikisika.

"Nani aliyewafungia hii?"

"Kwani vipi, fundi?" Kibiriti aliuliza.

"Njoo uone, dada. Boliti hii ndiyo inayobeba feni nzima. Feni inatikisika, nati inalegea, ndiyo kawaida yake. Kwa hiyo hapa mwishoni kuna tundu la pini. Ukipitisha pini ukaikunja, nati haitoki mpaka wajukuu wazeeke. Sasa huyu bwana kaweka nini? Msumari. Wa kutundikia picha. Umeliwa na kutu, umekatika, kipande kimebaki humu tunduni." Akautazama tena, akasonya. "Huyu si fundi. Huyu ni muuaji mwenye koleo."

"Funga tu, fundi," mama mkwe alisema bila kuinua macho. "Maneno ya nini?"

"Ngoja kidogo, mama," Kibiriti alisema. "Fundi, mtu akiwa anaifuta vumbi, akaivuta, inaweza kuanguka?"

Fundi alicheka. "Mimi nikifunga feni najining'iniza mwenyewe kwenye bomba, na kilo zangu hizi. Pini ikiwepo, hata mbembee ukoo mzima. Isipokuwepo, itaanguka hata usipoigusa, siku yake ikifika. Vumbi! Nani kakudanganya?"

Mzee aligeuza kichwa taratibu kumtazama mkewe. Mume akaacha kuegemea ukuta.

"Amempanga huyo," mama mkwe alisema. "Hamuoni? Kamtafuta mwenyewe, kaja naye mwenyewe. Kamlisha maneno."

"Mimi sipangwi, mama," fundi akaja juu. "Mke wa mwanao simjui. Nyumba hii sijawahi kuikanyaga."

"Vizuri," Kibiriti alisema. "Basi tufungie na hiki."

Akakifungua kitambaa, akampa kikombe. Fundi alikipuliza vumbi, akakigeuza ndani, na maneno yakamwishia. Alisimama pale na kikombe mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Soma, fundi. Tusikie wote."

"Maandishi yamefutika."

"Hayajafutika. Namba hiyo ndiyo niliyokupigia juzi." Kibiriti alikichukua, akasoma mwenyewe, polepole, akimwelekea mumewe: "Fundi Dakika. Kazi safi, haina wasiwasi." Kisha akaisoma na namba, tarakimu moja moja.

Alikuwa ameisubiri saa hiyo miezi minane, na sasa ilipofika hakusikia furaha aliyoitarajia. Alisikia hasira tu, kwa kuwa mumewe alikuwa bado hajafungua mdomo.

Kama mama mkwe angenyamaza hapo, mambo yangeishia kwa fundi. Lakini hakuzaliwa na breki. Alitupa nguo, akainuka.

"Kumbe ni wewe! Ni wewe uliyetaka kuniulia mume wangu! Mshenzi, msumari kwenye feni ya watu!"

Fundi alikuwa ameketi kwenye kidato cha ngazi, ameinamisha kichwa. Matusi yalipomfika alikiinua, akamkazia mama yule macho, na uso wake ukabadilika.

"Mama," alisema, "hebu sema tena lile neno ulilosema mwanzo."

"Neno gani?"

"Funga tu."

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja.

"Ni wewe," fundi alisema. "Sikuikumbuka nyumba, lakini sauti hiyo naikumbuka. Pini ilinidondoka, tukaitafuta mimi na wewe chini ya makochi hapa hapa. Nikakwambia nikimbie dukani. Ukasema wageni wako njiani, joto litawaua, funga tu, pini utaileta kesho. Nikaweka msumari mbele ya macho yako."

"Na hiyo kesho ilikuwa lini?" Kibiriti alimuuliza.

Fundi alitazama viatu vyake. Kibiriti aliona hapo kwamba hata huyu hakuwa wa kuhurumiwa.

"Mwongo," mama mkwe alisema, lakini sauti haikuwa na miguu.

"Ulijua habari ya msumari?" mzee aliuliza.

"Miaka saba, baba watoto. Nilisahau."

"Siku iliponiangukia ulikuwa umesahau?"

Mama mkwe alijipangusa mikono kwenye kanga.

"Na miezi minane yote hii, ukimwita huyu binti muuaji mbele ya majirani? Ulikuwa bado hujakumbuka?"

Mama mkwe aliinama kuokota nguo ya kukunja, akakuta zote zimekwisha kunjwa isipokuwa ile aliyoitupa mwenyewe. Akaishika bila kuikunja.

"Fundi," mzee alisema, "pini unayo?"

"Ninayo, mzee. Leo ninazo nyingi."

"Nionyeshe."

Fundi alimwendea, akaiweka pini kwenye kiganja cha kushoto, kile kizima. Mzee aliigeuzageuza. Kidude kidogo, hakifiki urefu wa kidole. Akamrudishia.

"Panda. Ukimaliza utajining'iniza kama ulivyosema, nikiona kwa macho yangu. Mama watoto, mshikilie ngazi."

"Mimi?"

"Siku ile ulisimamia. Simamia na leo."

Akaenda. Akaishika ngazi kwa mikono miwili, fundi akapanda juu yake na kitambi chake, na mavumbi ya dari yakaanza kumdondokea mama mkwe kichwani.

"Kibiriti, mwanangu," mzee alisema, "nina kiu."

Kibiriti alikuwa amekwisha fika mlangoni. Mumewe alimpisha, akanyoosha mkono kumgusa bega. "Mke wangu," alisema, "baadaye tuta—"

"Usiniambie tutaongea," Kibiriti alisema. "Hilo sanduku ulilileta wewe. Lirudishe wewe."

Akalirudisha. Lilikuwa zito, maana mama yake alikuwa amepakia hadi sufuria, na alilazimika kulishusha mara mbili kabla ya kufika chumbani. Hakuna aliyemsaidia.

Kibiriti alirudi na glasi imejaa, akapita karibu kabisa na ngazi. Mama mkwe alifungua mdomo, akautazama mguu wa fundi uliokuwa juu ya kichwa chake, akaufunga. Hakuweza kuiachia ngazi. Mzee alipokea glasi kwa mkono wa kushoto, akanywa maji yote bila kupumzika, akairudisha.

"Lete nyingine," alisema, akimtazama mkewe.