Mtungi wa Shingo Nyembamba

Egide alirudi nyumbani, mtaa wa Vickery Meadow huko Marekani, kutoka kitongoji cha Carrollton amefura kwa hasira. Alikuwa amekwenda na binti yake Carmen kuwaona wazazi wa Kibet, kijana wa Kikenya aliyetaka kumwoa. Nyama choma ilijaa mezani, lakini mazungumzo, tangu sala hadi kwaheri, yalikuwa Kiingereza kitupu. Huenda wenyeji walidhani hiyo ndiyo heshima ya Marekani. Egide, Mrundi mbeba maboksi wa ghalani asiyejua Kiingereza, aliitikia tu kwa kichwa, ilhali Kiswahili wote pale walikijua.

Njiani alikumbuka hadithi ya Wagiriki wa kale ambayo Carmen, enzi za shule, alimsomea. Mbweha alimwalika korongo, akampa mchuzi kwenye sahani bapa. Mdomo mrefu ukagonga sahani, korongo akaenda zake na njaa. Naye akamwalika mbweha, akampakulia kwenye mtungi wa shingo nyembamba, mbweha naye akashinda njaa. Siku aliyosomewa, Egide alicheka hadi machozi. Korongo huyo alikuwa mtu wake kabisa.

Basi siku ya posa, Wakenya walipokuja kwake, Egide alilipiza. Mtu mzima, na rozari mfukoni! Msemaji wa familia yake alimwaga Kirundi kile kizito cha sherehe, cha kusifu ng'ombe na mababu, ambacho hata Carmen alikiambulia nusu. Baba Kibet alivumilia, kisha akainama kwa upole.

"Mzee mwenzangu," alisema kwa Kiswahili, "tusaidie kidogo. Mnasemaje?"

Egide alimsikia vizuri sana. Akamjibu kwa Kirundi, moyo ukimcheza kwa raha, na jamaa zake wakaangua kicheko. Mgeni alichukua kofia yake, akaaga.

Jumapili iliyofuata Carmen aliingia jikoni na sare yake ya kazi ya hospitali.

"Papa, Kibet ame-call. Baba yake amekataa, na yeye hawezi kumpinga. It's over."

"Wao ndio walianza," Egide alisema. "Si wewe mwenyewe ulinisomea? Yule korongo..."

"Namkumbuka korongo." Hakuwa akilia, na hilo lilimtisha baba yake. "Na ule mchuzi, Papa, uliokosa mtu wa kuula? Ulikuwa mimi."