Kusubiri Injini Ipoe

Kinyozi hakosi washauri. Mwaka mzima tangu aamue kununua gari, baba yake Spana alikuwa akinyoa huku akiuliza: la petroli au la dizeli? Jeupe au la rangi? Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kiliacha nywele na ushauri. Mhasibu alimshauri, muuza mkaa alimshauri, hata bwana mmoja ambaye hajawahi kumiliki baiskeli alimshauri kwa mapana na marefu. Mtu mmoja tu hakuulizwa: binti yake wa kumzaa, ambaye mwaka wa sita huo alikuwa akilala chini ya magari ya watu kwa mshahara, na ambaye gereji nzima ilimwita Spana kwa heshima.

Jambo hilo lilimuuma. Watu hudhani fundi wa kike ana moyo wa chuma. Spana alikuwa na moyo wa kawaida kabisa, na ulikuwa umenuna kuanzia Januari.

Hata Jumamosi ambayo baba alipanga kwenda kuliona gari alilolipata, Spana hakuchukuliwa kwa kupendwa. Mteja mmoja aliyejigamba kwamba anajua magari hata akifumba macho ndiye aliyekuwa ameahidi kwenda kulikagua, na asubuhi akapiga simu kusema jino limemzidia. Ndipo baba akagonga mlango wa chumba cha binti yake.

"Mama, una kazi leo?"

"Kwa hiyo mimi ndiye tairi la akiba?"

"Tairi la akiba si ndilo linalomfikisha mtu nyumbani?" baba akajibu, na Spana akacheka kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Spana alimwomba baba mambo mawili. La kwanza, ampigie mwenye gari amwambie asiliwashe mpaka wafike. La pili, wakifika, asioneshe kwamba amelipenda. La kwanza baba alilifanya papo hapo. La pili lilikuwa sawa na kumwomba jogoo asiwike.

Gari lilikuwa la mwalimu mstaafu, limeegeshwa uani chini ya kibanda cha mabati. Lilikuwa jekundu, au liliwahi kuwa. Spana aliwaamkia wenyeji, kisha akachungulia dashibodi: kilomita laki nne na elfu kumi na mbili.

"Lilishafika mwezini," Mwalimu akasema kwa fahari, kwa kuwa miaka thelathini ya kufundisha jiografia haimtoki mtu. "Sasa liko njiani kurudi."

Baba alicheka mpaka akalishika gari mlango, kisha akasahau kuuachia. Spana akaona mambo yameharibika. Mzee ana miaka sitini na moja, hajawahi kuwa na gari, na wateja aliozeeka nao wengine hawawezi tena kutembea hadi dukani kwake. Alitaka kuwafuata majumbani na mashine yake na kioo chake. Akiba yake yote ilikuwa ndani ya bahasha kwenye mfuko wa koti, na akiba ya namna hiyo mtu haiweki mara mbili.

Spana akaanza kazi. Kilomita laki nne hazikumtisha. Kinachomtisha fundi ni gari linaloficha umri wake. Akatazama pedali ya klachi: mpira umelika mpaka chuma kinachungulia. Usukani unang'aa pale mikono ilipozoea kushika. Vizuri, kila kitu kinakubaliana na ile namba. Akalala chini, akamulika na tochi, akapapasa, akanusa. Halafu akafungua boneti na kuweka kiganja juu ya injini.

Ilikuwa ya moto.

"Mwalimu, si tulikuomba usiliwashe?"

"Sijaliwasha. Ni jua tu hilo."

Spana akatazama juu. Juu kulikuwa na mabati, na juu ya mabati kulikuwa na mawingu.

Sasa, gari bovu likishapata moto laweza kuwaka kama limetoka kiwandani jana. Ubaya wake huonekana likiwa baridi: ndipo linapogoma, linapogonga, linapotoa moshi. Anayelipasha moto kabla mnunuzi hajafika mara nyingi ana jambo lake.

"Basi tutasubiri lipoe," Spana akasema.

"Mpaka saa ngapi?" baba akauliza.

"Mpaka lipoe."

Mwalimu akakohoa. Akasema yeye hana neno, ila lazima awe mkweli: kuna bwana mwingine yuko njiani, anakuja na fedha mkononi. Akifika kabla hawajaamua, atamsikiliza huyo. Baba akamvuta Spana pembeni.

"Mama, tukilikosa je?"

"Tukilipata bovu je, baba?"

Wakakaa kwenye benchi. Ilikuwa saa nne. Saa tano mke wa Mwalimu akatoka na chai, akawakuta watu watatu wazima wamekaa kimya wanalitazama gari kana kwamba liko karibu kuongea.

"Mnangoja nini?"

"Lipoe, mama," Spana akasema. "Mwalimu anasema limechomwa na jua."

Yule mama akamgeukia mumewe. "Jua gani? Hukuwaambia tulivyozunguka?"

Mwalimu akazama ndani ya kikombe chake. Mkewe akasema yote bila kuombwa: walipomaliza tu kuzungumza kwenye simu, mzee alichukua funguo, akamwambia apande. Wakapita shuleni alikofundisha, wakapita hospitali walikozaliwa watoto wao wote wanne, kisha wakarudi polepole kwa njia ndefu.

"Alikuwa analiaga," akasema. "Kalia njia nzima."

"Sikulia."

"Haya, nililia mimi, machozi yakakutoka wewe."

Baba alicheka, akamwonea huruma Mwalimu, akasimama, yote kwa mpigo. "Umeona, mama? Kumbe hakuna siri. Tumalize!"

"Habari hiyo nimeipenda, Mwalimu, na naiamini," Spana akasema. "Lakini injini yenyewe bado sijaisikia."

Baba akakaa tena, polepole, kama anayeketi juu ya misumari.

Saa sita kasoro lango likagongwa. Akaingia bwana mmoja mwenye miwani myeusi na tumbo la kuridhika na maisha, akalizunguka gari, akapiga teke tairi. Spana akainuka haraka, akaweka kiganja juu ya injini. Baba alikuwa tayari ameshasimama, mkono umo ndani ya koti.

"Mama?" akauliza kwa sauti ndogo.

Spana alijua gari ni zima. Kwa sehemu tisa kati ya kumi alijua. Neno moja tu lingetosha, na baba yake angeondoka na gari lake na furaha yake. Lakini ile sehemu ya kumi ilikuwa na akiba yote ya mzee ndani yake.

"Bado ina joto, baba."

Baba akalitazama gari. Akamtazama bwana wa miwani. Akamtazama binti yake, kwa muda mrefu zaidi. Mkono ukatoka kotini, mtupu.

"Basi bado," akasema, akarudi kwenye benchi.

Spana akainama, akajifanya anakagua betri.

Bwana wa miwani alikuwa ameanza kumuuliza Mwalimu bei alipoligundua lile benchi. "Hawa wanafanya nini hapa?"

"Wanasubiri lipoe."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

Yule bwana akaitazama ovaroli ya Spana yenye oili, akamtazama mzee aliyekaa ametumbua macho. "Mtu na fundi wake wanalinda gari saa mbili nzima? Hapana. Hilo lina jambo." Akaaga kwa adabu, akaenda zake kwa hatua za mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mmenifukuzia mnunuzi!" Mwalimu akalalamika, na mkewe akacheka mpaka akalazimika kukishika kikombe kwa mikono miwili.

Ilipofika saa saba injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Spana akamtuma baba nyuma ya gari.

"Angalia moshi. Ukiwa wa bluu, mweusi au mweupe, niambie."

Akazungusha ufunguo. Gari likaitika mara moja, likatulia, likaunguruma kwa upole.

"Hakuna!" baba akapiga kelele huko nyuma. "Hakuna wa bluu! Hakuna mweusi! Hakuna chochote!" Akazunguka gari mbio, akamkumbatia Mwalimu, akamkumbatia mke wa Mwalimu, akataka kulikumbatia boneti.

Spana akaliendesha mtaani, akarudi na orodha yake. Beringi ya gurudumu la mbele kushoto inavuma. Gasketi ya juu ya injini inavuja oili kidogo. Matairi mawili yamekwisha. Baba akajikaza, akageuka kwa Mwalimu na kusema, "Umemsikia fundi." Mwalimu alikuwa amemsikia. Akapunguza bei bila kubishana, kisha akaenda kusimama jikoni mpaka gari lilipotoka langoni.

Baba ndiye aliyeendesha. Alikwenda mwendo ambao hata waenda kwa miguu waliwapita, tena wakageuka kuwasalimu. Spana aliendelea kuitazama ile mikono ya kinyozi iliyoukamata usukani, na lile donge la mwaka mzima likamtoka mdomoni.

"Baba, uliuliza watu wote. Mbona mimi hukuniuliza?"

Baba akavuka njia panda, akavuka na ya pili.

"Wale wote walisema ndiyo, mama," akasema. "Nani atanibishia na wembe wangu uko shingoni mwake? Maneno yao nilikuwa nayapima, nachukua ninayotaka. Lakini wewe ungesema hapana, ningeacha. Nilijua ningeacha. Na nilikuwa nalitaka gari sana, basi nikaogopa kukuuliza."

Spana akageukia dirishani. Alitaka kusema ni moshi umemwingia machoni, lakini ni yeye mwenyewe aliyethibitisha kwamba gari lile halina moshi. Basi akalia huku akicheka, na baba yake akapunguza mwendo, kama vile kulikuwa bado na mwendo wa kupunguza.