Zitoe Zilivyo

Chumba cha kurekodia kilikuwa ndicho chumba cha kulala, ila kitanda kimesimamishwa ukutani. Mwenye nyumba alikuwa fundi makochi, na masalia ya sponji hayakuwahi kumpungukia. Alikuwa ameziba dirisha, mlango, hata upenyo ulio juu ya mlango, mpaka mtu akikohoa mle ndani alijisikia kama amekohoa ndani ya mto. Feni haikuruhusiwa, maana maikrofoni ingeisikia. Jumamosi hiyo mchana fundi alikaa mbele ya kompyuta, shati limemganda mgongoni, akiyatazama maandishi aliyoyazoea kama uso wa jirani: Mfumo mpya uko tayari. Sasa. Baadaye.

Kama kawaida yake, akabonyeza Baadaye.

"Kumbe nina mke mwenzangu," mkewe alisema kutoka mlangoni, kitambaa shingoni. "Anaitwa Baadaye. Na huyo humnyimi kitu."

Chini ya kitambaa hicho palikuwa na uvimbe wa tezi, na Jumatatu asubuhi ulikuwa wa kupasuliwa. Daktari hakuwaficha. Mshipa unaoendesha sauti umepita karibu mno na uvimbe, alisema. Huenda sauti ikarudi ile ile, huenda ikarudi nyingine. Tangu siku hiyo mke alikuwa na ombi moja tu: auimbe wimbo wake wa shukrani, aliotunga mwenyewe, urekodiwe vizuri, ubaki.

Ombi dogo, lakini lilimweka fundi kati ya nyundo na fuawe. Kisanduku cha zamani cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta kilikuwa kimeungua. Kaka wa mkewe, mpiga chapa, alikuwa amewaletea kipya, nacho kikagoma mpaka kompyuta iwekewe mfumo mpya. Na mfumo mpya usingeikubali programu kuukuu ya kurekodia ambayo fundi aliitumia miaka yote. Walioitengeneza walishafunga duka zamani. Humo ndani zilikaa nyimbo zao zote tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa: gitaa lake, na sauti ya mkewe kabla haijaingia mkwaruzo. Akiweka mfumo mpya, anaipata sauti ya leo na kuipoteza ya jana. Asipoweka, anabaki na ya jana, na ya leo inakwenda na kisu.

Alikuwa amesali. Alikuwa amefunga pia, akiomba ishara. Ishara pekee aliyoipata ni umeme kukatika, nao ulirudi kabla hajaamua ulikuwa na maana gani.

"Tungetumia simu," alisema sasa, bila imani.

"Simu tulishaijaribu," mkewe alijibu. "Nilisikika kama nimetumbukia ndooni."

Mpiga chapa alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameikunja kwa kukosa nafasi, akijipepea kwa kipande cha sponji. "Na kompyuta ya kazini kwangu imefungwa kwenye mtambo," alisema. "Mtambo wenyewe hauimbi, unanguruma. Lakini shemeji, nikuulize kitu. Wimbo ukiutoa nje ya hiyo programu yako, unakuwa faili la kawaida, si ndiyo? Linafunguka popote."

"Ndiyo."

"Sasa umetoa nyimbo ngapi?"

Fundi alikishika kipanya kama mtu anayetafuta pa kujishikia. "Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hazijaisha."

Shemeji yake alimtazama dada yake, na dada akatazama dari.

Wateja wa fundi waliijua tabia hiyo. Angeweza kufumua mshono ulio chini ya kochi, mahali ambapo hata panya hapaoni, kwa sababu ulikuwa umepinda kidogo. Na kwenye nyimbo ilikuwa hivyo hivyo. Huu una uzi wa gitaa unaolia ovyo, ule una pumzi iliyoingia kwa nguvu mno, na mwingine mtoto amelia katikati. Programu ile ilikuwa na utaratibu mmoja: ukitaka kuutoa wimbo, sharti uupige kuanzia mwanzo hadi mwisho huku ukiusikiliza. Kila mara fundi alipofika penye kosa, mkono wake ulikwenda wenyewe ukasimamisha.

"Baba," mkewe alisema taratibu, "nami sijaisha. Na Jumatatu watanipasua hivi hivi."

Fundi alitafuta pa kuelekeza macho, akakuta sponji kila upande. Hapakuwa na dirisha la kutazama. Alikuwa ameliziba mwenyewe.

"Zitoe zilivyo," mkewe alisema. Akaingia, akafunga mlango, akaketi kando yake. Kisha akauchukua mkono wa kulia wa mumewe, akauweka mapajani mwake na kuukandamiza kwa mikono yote miwili, kama mtu anayefunika chungu kinachotaka kufurika.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Penye kosa, mkono ulishtuka, ukabanwa. Kosa lilikuwa palepale, baya vilevile. Likapita.

Walisikiliza mchana wote, joto likiwachemsha. Mtoto alipolia katikati ya ubeti, mpiga chapa akasema, "Huyo amelenga sauti kuliko gitaa, shemeji." Mke akacheka hadi akajishika shingo. Jioni ilipokaribia ulibaki wimbo wa zamani kuliko zote. Uligoma kufunguka. Fundi alijaribu, akajaribu tena, na alipovuta kiti karibu mkewe alizijua dalili.

"Uache," alisema. "Huo ninao kichwani."

Fundi aliinamisha kichwa. Aliomba kimoyomoyo, na safari hii hakuomba ishara, aliomba mkono umtii. Akabonyeza Sasa.

Jumapili walipotoka ibadani walikuta taa ya kisanduku kipya inawaka kijani. Programu kuukuu ilikataa kufunguka kama ilivyotabiriwa. Wakatumia ndogo iliyokuja na kisanduku. Mlango ukazibwa. Mke alifungua kitambaa, akakiweka begani, akaimba bila gitaa.

Katika ubeti wa pili sauti ilikwaruza, ikakatika. Akameza. Fundi alimwona jinsi alivyomeza kwa shida, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe. Mkewe alimkazia macho. Fundi akaukalia mkono. Ule ukimya aliusikia wote kwenye hedifoni, na pumzi, kisha sauti ikarudi chini kidogo ya pale ilipoachia, ikapanda, ikamaliza.

"Turudie?" aliuliza, jasho likimtiririka machoni.

"Wewe unaonaje?"

Fundi aliutoa wimbo palepale, na kompyuta ikamuuliza jina la faili. Siku zote alikuwa akiandika "rasimu". Akaandika jina la wimbo, halafu jina la mkewe, akahifadhi.

"Haya, sasa fungua mlango," mkewe alisema, akikifunga kitambaa shingoni. "Nisife kwa joto kabla ya kesho."

Akafungua.