Kasha la Baiskeli ya Mkunga

Seremala alikuwa mtu mwoga, wala hakuona haya kulisema. Mtaani walimwita Kobe, kwa kuwa kila ubao aliupima na kuupima tena kabla msumeno haujaugusa. Mkewe alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke asiyeogopa damu, mbwa wala giza, naye alipenda kumtania: "Wewe ukikutana na kivuli chako kichochoroni, unakipisha kwanza."

Woga wake ulizidi siku zahanati ilipompa mkewe baiskeli ya umeme ya kuwafikia wazazi majumbani, hasa wale wa kilimani. Barabara ya huko ilipanda wima, upande mmoja nyumba, upande wa pili korongo tupu lisilo na hata kizuizi. Jioni moja mvua ilimkuta mkunga njiani. Alirudi akiikokota baiskeli, kalowa chapachapa.

"Imenishangaza," alisema akikamua kanga. "Imezimika, mara ikawaka, halafu ikaruka mbele yenyewe. Sikuwa nimegusa kitu."

Kobe hakupata usingizi. Kulipokucha akaipeleka kwa fundi wa umeme. Fundi akainama chini ya kiti, akamwonyesha kisanduku cha chuma kidogo kama mche wa sabuni, nyaya zimechomoza kama mizizi.

"Hii ndiyo kontrola. Ndiyo inayoiambia mota iende au isimame. Ikipata maji inachanganyikiwa. Siku ya heri itazimika tu. Siku ya shari itaondoka kwa kasi yake yote, na breki zako hizi zitakuwa mapambo."

"Sasa dawa yake nini?"

"Nimeikausha. Mpya nimeagiza, ila itachelewa. Kwa sasa itengenezee kasha. Maji yasipenye, basi."

Yasipenye. Neno hilo Kobe alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyekabidhiwa roho ya mtu. Akachukua bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lile la kuwekea mabaki ya chakula, akalitoboa matundu yanayotosha nyaya tu, asiache hata nafasi ya unywele. Kila waya akauvisha kipande cha mpira wa tairi la ndani. Akapaka gundi ya silikoni ndani, akapaka nje, ikakauka, akapaka tena. Kontrola isije ikagongagonga humo ndani kwa mashimo ya njiani, akaiwekea sponji la jikoni, ambalo kwanza aliliosha mafuta na kulikamua mpaka vidole vikamuuma. Akafunika, akakaza skrubu, akalifunga kasha chini ya kiti, kisha akalimwagia ndoo nzima ya maji. Halikuingia tone.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alisimama mlangoni akitazama. "Mkwe wangu, hapo hata jini akiingia hatoki."

"Ndivyo ninavyotaka, mama."

Siku iliyofuata kulikuwa na jua kali. Mkunga alizunguka na baiskeli asubuhi yote, akapita nyumbani mara moja kubadili viatu, akasema anapanda kilimani kumwona mzazi aliyejifungua juzi. Hajapotea machoni wingu likaanza kujikusanya, zito, la rangi ya risasi, na upepo wa baridi ukaupiga mlango wa karakana.

Kobe akaingia kula. Mama mkwe akafunua sufuria, na maji yakachuruzika kutoka kwenye kifuniko, tiriri, juu ya viazi.

"Nani kavimwagia maji viazi vyangu?"

"Hakuna aliyemwaga, mama. Umevifunika vikiwa vya moto. Mvuke ukikosa pa kutokea, unageuka..."

Hakumaliza. Sponji. Alilikamua, ndiyo, lakini hakulianika. Alilifunga bichi ndani ya kasha lisilo na tundu, pamoja na chuma kinachopata moto kila baiskeli inapopanda mlima. Na sasa baridi ilikuwa inashuka juu ya kifuniko cha kasha.

Akapiga simu. Simu ikalia chumbani, juu ya kitanda. Mkewe alikuwa ameiacha.

"Unakwenda wapi? Sahani hujaigusa!" mama mkwe alimpigia kelele, lakini Kobe alikuwa ameshafika barabarani, na mvua nayo ilikuwa imefika.

Alikimbia akiteleza. Kila kishindo mbele yake alidhani ni baiskeli inaporomoka. Mara lilikuwa bati, mara gari la taka. Alipofika penye kona ya korongo aliona alama ya tairi moja, nyembamba, imechora tope hadi ukingoni kabisa. Akainama, akachungulia. Kule chini, kati ya mawe, palikuwa na kitu cheupe kimelala.

"Mama Watoto!" aliita, na sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine. Akafuta mvua machoni, akatazama tena. Kilikuwa kiroba cha saruji kilicholowa. Ile alama ya tairi nayo ilipinda pale pale ukingoni, ikarudi barabarani, ikaendelea kupanda. Akaifuata, akiomba Mungu kwa maneno asiyoyapanga.

Nyumba ya mzazi ilikuwa ya mwisho. Mkunga alikuwa ameshaaga. Amesimama nje ya upenu, mkoba wa vifaa begani, mguu mmoja kwenye pedali, mkono kwenye ufunguo chini ya kiti. Mzazi alikuwa mlangoni na mtoto kifuani.

"Usiwashe!" Kobe alipaza sauti, lakini pumzi ilikuwa imekwisha, na mvua ilikuwa na kelele kuliko yeye.

Mkunga akawasha.

Gurudumu la nyuma likanguruma, likatupa tope hadi ukutani. Baiskeli ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba, nayo ikimburuta, viatu vikichora mistari miwili kuelekea korongoni. Alibana breki zote mbili, uso umemkakamaa, lakini haikusimama.

"Iachie! Iachie!"

Hakuweza, kwani mkanda wa mkoba ulikuwa umenasa kwenye usukani. Kobe hakufikiri. Alijirusha, akakamata kibebeo cha nyuma, akainua kwa nguvu zote za mgongo wake. Gurudumu likaachana na ardhi, likazunguka hewani, likivuma kando ya goti lake.

"Ufunguo! Zima!"

Mkono wa mkunga ukapapasa, ukateleza, ukapapasa tena. Mlio ukashuka, ukashuka, ukafa. Ikabaki mvua tu, na mtoto akilia mlangoni. Ukingo wa korongo ulikuwa hatua chache tu kutoka gurudumu la mbele.

Chini ya upenu Kobe alifungua skrubu kwa kisu walichoazimwa. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umejaa matone, mengine yakidondoka juu ya kontrola. Sponji lilikuwa bichi bado.

"Ni mimi," alisema. "Nimeyazuia maji ya nje, nikayafungia ya ndani."

Mkewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kaibana mapajani ili isitetemeke. Katika miaka yote ya ndoa yao Kobe hakuwahi kuiona ikitetemeka.

Wakashuka kwa miguu, waya wa betri umechomolewa.

Kontrola mpya ilipofika, Kobe alitengeneza kasha jingine. Halikuwa na sponji. Nyaya ziliingilia chini baada ya kuning'inia kidogo, ili maji yadondoke kabla ya kufika, na kwenye kitako cha kasha aliacha vitundu viwili vya kupumulia. Aliining'iniza baiskeli karakanani, akaiacha mota izunguke hadi ikapata moto, akalimwagia kasha maji ya baridi, akalifungua. Pakavu. Akarudia, na bado hakujiamini.

Mvua ilipokuja tena, mkunga alisimama mlangoni na kofia ngumu mkononi, haivai, haiweki.

"Nisindikize," alisema hatimaye, bila kumtazama. "Mpaka tupite ile kona."

Kobe akavaa koti. Mkewe aliendesha polepole mno, naye akatembea upande wa korongo, mkono wake umeshika kibebeo, wote wawili wakiisikiliza mota.