Mafuta ya Mayimuna

Nesi Patience alipopandisha gauni la Raihana ili ampime mimba, Mayimuna aliiona ile michirizi kwenye ngozi ya bintiye. Ilikuwa ya rangi ya zambarau, minene kama kidole, imeshuka kutoka kiunoni hadi mapajani. Aliijua. Aliwahi kuimwagia maji kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama Raihana, uko muzuri?" nesi aliuliza.

"Niko sawa," alisema Mayimuna, akaketi kabla hajaambiwa.

Michirizi hiyo aliiona kwa Nasifah, shoga yake na mteja wake wa kwanza. Mayimuna ndiye fundi wa mafuta ya kung'arisha ngozi katika soko la Bwera, mpakani. Tyubu za dawa ya ngozi zinavuka kutoka Kongo, yeye anazikamua ndani ya beseni, anatia losheni, anakoroga kwa mkono mtupu, maana wanawake hawamwamini fundi anayevaa glavu. Nasifah alijipaka miaka na miaka, akawa mweupe wa kusifiwa harusini. Kisha Ramadhani ikaingia. Nasifah akasema hawezi kufunga huku amebadilisha alivyoumbwa, akatupa kopo lake siku ileile. Kabla ya Idi alikuwa anatapika, miguu haina nguvu, akafa. Eh, watu wa Bwera! Mtu akifa bila jeraha, lazima karogwa. Mayimuna aliitwa kumwosha, na ngozi ya marehemu ikachanika chini ya kitambaa kama ganda la ndizi mbivu. Tangu hapo, kila akikoroga, anamwona Nasifah ameketi ng'ambo ya beseni, kimya, amenyoosha mkono kama mteja.

Hakuacha kukoroga. Angekula nini?

"Mutoto iko mudogo sana kwa hii miezi," Patience alisema. Vita vilimtoa Butembo, kule Kongo, lakini Kiswahili chake hakikuhama. "Raihana, unajipakalaka nini?"

Raihana alimtazama mama yake. "Ya Mama. Nachotanga kwa kopo yake akienda kuswali."

"Ya Allah," Mayimuna alisema. "Mwanangu, na mimba?"

Patience alivuta stuli. "Musikie. Kila mama iko na homoni kali mu damu. Sasa, mu kondo ya nyuma muko kimeng'enya, ni kama afande wa pale mupaka, daraja ya Mpondwe. Homoni ya mama ikikuya, anaivunja makali, mutoto analala salama. Lakini dawa yenye iko mu hii mafuta, yenye kufanana na ile homoni, ile afande haiweze. Inapita sawa na watu wenye kuvukia mutoni, inamuzuia mutoto kukomaa."

Mayimuna hakuhitaji kuelezwa wanaovukia mtoni. Tyubu zake zote zilipita huko.

Raihana aliteremka kitandani. "Wallahi, naacha leo! Natupa yote kwa choo."

"Usitupe!" Mayimuna alipiga kelele mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakachungulia. "Nasifah alitupa!"

Hakuwa amewahi kulitamka hilo, hata peke yake. Patience alimketisha Raihana tena kitandani.

"Mama anasema kweli," alisema taratibu. "Mwili imezoea, imesahau kutengeneza homoni yake. Ukikata mara moja, unaweza kufa, weye na mutoto. Daktari ya Kasese atakuona keshokutwa, atakupa vidonge. Mpaka pale, paka, lakini kidogo, pahali padogo."

Basi Nasifah hakurogwa. Njia nzima Mayimuna alilirudia neno hilo moyoni, na kila akilirudia lilizidi kumuuma, kwa sababu kama si mchawi, ni nani? Nasifah alitubu, na toba ikamuua, na mafuta yalikuwa ya Mayimuna.

Nyumbani aliyamwaga mafuta ya beseni shimoni, akalisuuza, akalifunika kifudifudi. Kopo moja tu alilibakiza. Raihana alilala ubavu karibu na dirisha, mgongo wazi.

"Mama, naogopa."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Tulia."

Aliswali kwanza. Halafu akafungua kopo, na mkono uliokuwa ukichota bila kufikiri miaka yote hiyo ukasimama juu ya mafuta. Kidogo ni kiasi gani? Akichota mengi, anamlisha mjukuu sumu. Akichota kidogo mno, anamwosha Raihana kama alivyomwosha Nasifah. Alichota, akarudisha, akachota tena kwa ncha ya kidole.

Ng'ambo ya kitanda Nasifah alikuwa ameshafika. Leo hakunyoosha mkono. Alikuwa ameinama, anaangalia kidole cha Mayimuna, aone kimechota kiasi gani.